Mufwankolo hakuwa wa kuchekesha tu

Kuna wenzetu walimu wanaosema michezo ya Mufwankolo ku televizyo ya Lubumbashi ilikuwa ya kuchekesha batoto, tena kwa Kiswahili ya kuharibika. Tunakataa!

Sisi tuliokuwa batoto miaka ya 80, njo pale tulifundishwa. Tulijaa mpaka dirishani kwa jirani mwenye televizyo. Tukicheka ulevi na ugomvi wa ndoa, wazazi walituuliza: “Munacheka nani? Si ni sisi wenyewe?”

Mwaka 1986 mtaalamu Johannes Fabian aliuliza kundi hili maana ya msemo kwamba ukubwa unaliwa muzima. Walimujibu kwa mchezo muzima! Kitabu chake juu ya mchezo huo kilitoka Marekani mwaka 1990, maneno ya Kiswahili yetu ndani. Basi, mugeni aliona elimu pale sisi tunaona haya.

Ku masomo tunafundisha Molière, na ni vizuri. Lakini Mufwankolo, hata saa moja hapana! Walimu, tumuingize darasani. Na wenye kanda za zamani wazitoe, tuzinakili mbele hazijaoza.