Usiku wa Ha Long na jaketi chini ya kitanda

Wiki hii safu yako haipo Coco Beach wala Kinondoni. Imepanda ndege, ikatua Vietnam, kule walikotoka wenye mtandao wa Halotel. Mapene yametoka wapi, usiniulize. Shemeji yenu alikuwa ananidai fungate tangu siku ya ndoa, na deni la mke, bwana, lina riba kuliko la benki.

Tuliondoka Hanoi asubuhi kwa basi dogo, kama saa mbili na nusu hivi hadi ghuba ya Ha Long. Pale bandarini nilitaka kuleta uzoefu wangu wa Mbudya, nikachemsha. Visiwa karibu elfu mbili! Tena siyo vya mchanga na minazi. Ni miamba ya chokaa imechomoza majini, imesimama wima, kichwani imeota msitu. Wenyewe wanasema joka mama alishushwa na wanawe kuwasaidia dhidi ya maadui, likatema vito vikageuka visiwa. Ndiyo maana ya jina lenyewe, joka linaloshuka. UNESCO waliitia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1994, na Wavietnam wenyewe wameiweka kwenye noti ya dong 200,000. Usishtuke na hizo sifuri, kule hata mimi ni milionea.

Boti yetu ilikuwa nyeupe, ghorofa tatu, chumba kina kitanda na choo chake. Tukakaribishwa kwa juisi. Mwongozaji, kijana mchangamfu, akaanza kutaja ratiba: pango, kayaki, chakula cha jioni, kuvua ngisi. Akauliza nani ana swali.

Nikanyoosha mkono. Majaketi ya kujiokolea yako wapi? Nikiwa chumbani nitokee wapi mlango ukikwama? Na sisi tukilala, nani anakesha?

Shemeji yenu akanifinya paja chini ya meza. "Baba, unatuaibisha. Wazungu wote hawa mbona hawajauliza?"

Jamani, mimi nina sababu. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza baada ya kusafiri usiku kucha, mjomba wangu alikuwemo pamoja na mamia ya wengine. Mpaka leo shangazi hapendi mtu amtajie meli. Halafu hapo hapo Ha Long, Februari 2011, boti ya kulala kama yetu ilizama alfajiri ikiwa imetia nanga karibu na kisiwa cha Ti Top, abiria wako usingizini. Watu 12 wakafa. Julai 19, 2025, mchana, boti nyingine ya watalii ikapinduliwa na dhoruba ya ghafla, wakafa zaidi ya 30. Sasa hapo niogope kuonekana mshamba?

Yule kijana wala hakucheka. Alitupeleka vyumbani, akatuonyesha majaketi juu ya kabati, akafungua dirisha mpaka mwisho, akamtaja jamaa wa zamu. Mzungu mmoja mzee akaomba aonyeshwe tena kufunga kamba. Kumbe!

Baada ya hapo nikaponda raha kwa moyo mweupe. Ti Top tulipanda ngazi zaidi ya 400 mpaka kileleni. Jina hilo ni la Titov, mwanaanga wa Urusi aliyefika pale na Ho Chi Minh mwaka 1962. Magoti yalilia, lakini ukiwa juu unaona boti kama punje za mchele zimetapakaa kati ya miamba. Pango la Sung Sot limewekewa taa za rangi kama disko, hilo sikulipenda sana. Vijiji vya wavuvi vinavyoelea mnavyoviona kwenye vipeperushi navyo msivitegemee, wakazi wengi walihamishiwa nchi kavu mwaka 2014.

Usiku ndiyo penyewe. Injini ikazimwa, ikabaki kimya na taa za boti za jirani. Tukavua ngisi kwa taa na ndoano. Nilipata mmoja, kidogo kama kidole, shemeji yenu akanilazimisha nimrudishe. Tulikaa sitahani mpaka saa sita, tukaongea mambo ambayo Dar hatupati nafasi ya kuyaongea, kodi ya nyumba, mtoto, mama yake anayeumwa.

Mnaopanga safari, Julai na Agosti kule ni mvua na vimbunga. Serikali ikitangaza dhoruba boti hazitoki, kwa hiyo ulizeni mapema hela inarudi au hairudi.

Mwendo wa saa tisa usiku mnyororo wa nanga ukagonga, nikashtuka. Nikapapasa chini ya kitanda, upande wangu, nilikoficha jaketi baada ya kulishusha kabatini. Halipo! Nikawasha taa. Shemeji yenu amelala fofofo, majaketi yote mawili yako upande wake, na lake ameshalifungua kamba.

Asubuhi kwenye chai sikusema neno. Yeye ndiye alianza: "Baba, tukipanda boti ya Zanzibar mwezi ujao, utawauliza na wao?"