Bandu Bandu Huisha Gogo: Malazi ya Safarini



Wengi wetu tuna jamaa walioko ughaibuni, na kila ifikapo likizo huja mwaliko wa kutembea nao. Mwaka jana nilikwenda kwa mdogo wangu aliyeolewa Minnesota, Marekani. Shemeji alikuwa amekodi gari-nyumba, yaani gari kubwa lenye vitanda, jiko, choo na matangi ya maji, atupeleke na watoto wao watatu hadi Grand Canyon, Arizona, na kurudi, kwa siku 35.

Kwa malazi tulitenga dola 1,000, tukiamini kuwa mwenye vitanda ndani ya gari hana kodi kubwa ya kulipa. Kumbe kila tulipoingia kambi yenye umeme na bomba, tulitoa dola 60 kwa usiku mmoja. Usiku wa sita, tukiwa South Dakota, mdogo wangu alipiga hesabu. Dola 360 zilikuwa zimekwenda, na siku 29 zilikuwa mbele yetu. "Dada," aliniambia kwa sauti ya chini, "heri turudi kabla hatujaaibika njiani." Watoto walilala, sisi watu wazima hatukupata usingizi.

Asubuhi tulizungumza na jirani wa kambini, bibi mtu mzima aliyezoea safari hizo. Alituuliza: mbona mnalipia kila siku vitu mlivyo navyo garini? Gari lina tangi la maji safi, tangi la maji ya kuoshea, tangi la choo, betri na mtungi wa gesi. Vikitumiwa kwa uangalifu, hutosha siku tatu au nne. Kwa hiyo lala bure usiku tatu, kisha lipia mmoja: ujaze maji, umwage taka mahali pake, uchaji betri na kufua nguo.

Na pa kulala bure papo. Ardhi ya umma iliyo chini ya idara iitwayo BLM, ambayo ni nyingi katika majimbo ya magharibi, kwa kawaida huruhusu mgeni kukaa hadi siku 14 katika kila siku 28, kisha ahame. Misitu mingi ya taifa ina ruhusa kama hiyo. Baadhi ya maduka ya Walmart nayo huruhusu magari kulala uwanjani, lakini ni kwa idhini ya meneja na sheria za mji. Sharti uulize kwanza.

Wasafiri wengine hutaja pia viwanja vya kasino na mashamba ya mvinyo. Hayo tuliyaacha, wala hatukupungukiwa.

Kazi ilikuwa maji. Tulikoga kwa kopo, tukaosha vyombo mara moja kwa siku. Watoto walipolalamika, niliwakumbusha kuwa Mtume (S.A.W.) alitawadha kwa mudi moja, kiasi kisichofika lita moja. Tangu hapo wakawa wanashindana nani atatawadha kwa maji machache zaidi.

Mimi na mdogo wangu tuliweka sharti moja: tufike mahali kabla ya Magharibi, na mwanamke yeyote akiona moyo wake hautulii, gari liondoke bila mjadala. Mara mbili tuliondoka. Mara moja tulilipia kambi tusiyoipanga. Sikuijutia pesa hiyo. Kubana matumizi kusikokupa usingizi si akiba.

Siku tuliyoiona Grand Canyon tulikuwa tumelala bure katika msitu wa Kaibab, unaopakana na hifadhi hiyo. Tangu usiku ule wa hesabu hadi tuliporudi Minnesota, tulilipia usiku nane tu, dola 480. Katika zile 1,000 zilibaki 160, na mdogo wangu aliwanunulia watoto viatu vya shule.

Basi ndugu yangu, ukialikwa safari ya namna hii, usiulize bei ya gari peke yake. Keti na wenyeji wako kabla ya kuondoka, mhesabu kila usiku mtalala wapi na kwa kiasi gani. Gogo huisha kwa kubanduliwa kidogo kidogo, na mfuko wa msafiri vivyo hivyo.

Mwenyezi Mungu awafikishe wasafiri wetu salama na kuwarejesha salama. Amin.