Hisa: Tuzisome Hesabu Kabla ya Kutoa Fedha

Kwa miaka mingi sasa wanahisa wa Benki ya CRDB wamekuwa wakikutana jijini Arusha kusomewa hesabu za benki yao. Vijana wetu wa chini ya Mlima Meru wakiona hayo, huuliza: "Hisa ya kampuni gani ni rahisi?" Jawabu letu ni kuwa urahisi haujulikani kwa bei peke yake.

Hisa ni fungu, na thamani ya fungu haijulikani mpaka ijulikane mafungu ni mangapi. Hisa za NMB ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 600, na za CRDB mwaka 2009 kwa shilingi 150. Lakini CRDB ina hisa zaidi ya bilioni 2.6, na NMB milioni 500. Tuseme kila moja imepata faida ya shilingi bilioni 260: hisa moja ya CRDB itaangukiwa na shilingi 100 hivi, na ya NMB shilingi 520. Basi igawe bei kwa faida ya hisa moja. Bei ikiwa 1,000 na faida 100, unanunua faida ya miaka 10. Kisha linganisha na kampuni nyingine ya kazi hiyo hiyo.

Pili, faida si fedha taslimu. Mkulima wa kahawa wa Arumeru aliyeuza magunia yake kwa ahadi ana faida daftarini, na huku mfukoni hana nauli. Kwa hiyo utazame ukurasa wa mtiririko wa fedha. Faida ikipanda miaka mitatu na fedha haziingii, pana jambo la kuulizwa. Usome pia mizania ujue madeni, na neno la mkaguzi wa hesabu.

Tatu, na hili kwetu ndilo kubwa, faida imetoka wapi? Benki hizo tumezitaja kwa mfano wa hesabu tu, maana pato la riba twalijua hukumu yake. Kadhalika kampuni ya bia ya TBL, yenye kiwanda Arusha, imo sokoni tangu 1998. Wingi wa gawio hauigeuzi bia kuwa halali. Ama kampuni ambayo kazi yake ni halali lakini ina mikopo ya riba, AAOIFI, shirika la viwango la Bahrain, limeweka mpaka: mikopo hiyo isizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, na pato lisilo halali lisizidi asilimia 5, nalo litolewe.

Namba hizo utazitafuta katika ripoti hiyo hiyo. Asiyejua kuisoma hatambui hasara wala haramu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, yahusu kuandikiana madeni. Basi wazazi na vijana, kaeni pamoja na ripoti moja na kalamu, mhesabu kabla ya kutoa shilingi.

Wabillahi taufiki.