Kizuri Chajiuza? Mnadi Katika Baraza la Wahakiki

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hunong'onwa aghalabu katika makongamano ya fasihi ya Kiswahili, pale mtunzi anapoonekana mlangoni na mkoba mzito wa nakala za riwaya yake. Hunong'onwa kwa kejeli, kana kwamba imekwisha kukata shauri. Lakini methali, kama ushahidi mwingine wowote, yafaa ihojiwe kabla ya kukubaliwa. Makala haya yanadai kwamba nusu ya kwanza ya methali hii ni dhuluma kwa mtunzi wa Kiswahili, na kwamba nusu ya pili humwelekezea kidole asiyestahili. Kosa haliko katika kujitembeza. Kosa liko katika kujitembeza ndani ya vazi la uhakiki; na wanaolilea kosa hilo si watunzi, bali ni wahakiki wenyewe.

Ianzwe na nusu ya kwanza. Je, kitabu kizuri cha Kiswahili hujiuza? Atakayejibu kwamba hujiuza hajapata kusimama katika duka la vitabu la mji wowote wa Kenya mwezi wa Januari, wazazi wanapopanga foleni na orodha za shule mikononi. Tangu mtihani wa KCSE ufanywe kwa mara ya kwanza mwaka 1989, riwaya, tamthilia au mkusanyo wa hadithi fupi uliowekwa katika orodha ya vitabu teule umepata wasomaji kote nchini kwa muda wa miaka kadhaa. Wasomaji hao hawakuuchagua, walichaguliwa wao. Muda wa uteuzi ulipokwisha, kitabu kilichokuwa mikononi mwa kila mtahiniwa kiliachiwa rafu na vumbi, ingawa ubora wake haukupungua hata kwa herufi moja. Kitabu ambacho hakikuteuliwa kabisa, kiwe kizuri namna gani, hakina foleni ya Januari. Mtunzi wake asipokibeba mwenyewe, hakuna atakayekibeba. Kumcheka mtunzi wa namna hiyo kwa methali ni sawa na kumcheka mkulima asiye na barabara kwa sababu anabeba mahindi yake kichwani.

Maadamu hivyo ndivyo, basi mtunzi ana haki ya kunadi. Suala ni mahali anaponadi na sauti anayoitumia. Kuna mwenendo uliozoeleka katika vipindi vya maswali kiasi kwamba hautambuliwi tena kuwa ni ugonjwa. Mtoa mada amemaliza kusoma, tuseme, makala kuhusu mgogoro wa vina na mizani. Mwenyekiti anafungua mjadala. Msemaji wa kwanza anasimama, anamshukuru mtoa mada kwa makala nzuri sana yenye mafunzo mengi, kisha anatangaza kwamba suala hilo hilo limeshughulikiwa kwa kina katika diwani yake iliyotoka hivi karibuni, na kwamba nakala zinapatikana nje, karibu na chai. Hakuuliza swali. Hakutaja hoja hata moja iliyotolewa. Shukrani zake zingeweza kutolewa kwa makala ya fonolojia au ya ufugaji wa nyuki bila ya kubadilishwa neno. Na hapo ndipo penye ithibati: sifa inayoweza kuhamishwa kutoka makala moja hadi nyingine bila ya kurekebishwa si sifa, ni ufunguo wa kufungulia mlango.

Hasara ya mwenendo huu haipimwi kwa dakika zilizopotea tu. Mwanafunzi wa uzamili aliyeketi nyuma, aliyeandika swali lake kwenye karatasi na kulifuta mara tatu kwa woga, hutazama saa ikienda. Swali lake huenda lingemfaa mtoa mada kuliko sifa zote za siku ile. Halikuulizwa. Naye huondoka na somo jingine: kwamba mjadala ni pahali pa kujitaja, na kwamba anayetaka kuheshimiwa sharti naye atafute kitu cha kukitaja.

Ugonjwa huo huo umeingia katika maandishi. Mapitio mengi ya vitabu yana umbo linalojulikana kabla ya kusomwa. Aya ya kwanza humtambulisha mtunzi na shahada zake. Aya tatu zinazofuata husimulia ploti. Kisha huorodheshwa maudhui: ufisadi, ukengeushi, nafasi ya mwanamke, migongano ya vizazi. Baadaye hutajwa makosa mawili ya chapa, ili mhakiki aonekane hakupendelea. Mwishoni kila mpenzi wa Kiswahili hushauriwa akinunue kitabu hicho. Katika yote hayo hakuna sentensi moja ya mtunzi iliyochukuliwa, ikageuzwageuzwa, ikaulizwa kwa nini imeandikwa hivyo na si vinginevyo. Mapitio kama hayo huweza kuandikwa na mtu aliyesoma jalada la nyuma peke yake. Na pengine baadhi yake yameandikwa hivyo. Hili ni tangazo lililovikwa joho la mhitimu.

Na joho hilo lina uzito wake. Mnadi wa sokoni hana mamlaka juu ya mnunuzi. Mnunuzi akichoka huenda zake. Mhadhiri ana mamlaka. Anapoweka kitabu chake katika orodha ya lazima ya kozi yake mwenyewe, na mwanafunzi anayemsimamia akakisifu kitabu hicho katika sura ya pili ya tasnifu, ni nani awezaye kusema kama sifa hiyo ilitoka moyoni? Huenda ilitoka. Lakini mwanafunzi alinyimwa uwezo wa kusema kinyume, na pale ambapo kinyume hakiwezi kusemwa, sifa haina thamani. Ni muhali kumkemea mtunzi chipukizi mwenye mkoba mlangoni huku profesa akiuza ndani ya darasa.

Watetezi wa mwenendo huu hupenda kumtaja Walt Whitman wa Marekani, nao wana sababu. Mwaka 1855 Whitman alitoa kwa gharama zake diwani iitwayo Leaves of Grass, na mwaka huo huo akaandika mwenyewe mapitio yasiyopungua matatu ya kuisifu, akayachapisha katika majarida bila ya jina lake. Ralph Waldo Emerson alipomwandikia barua ya faragha ya pongezi, Whitman aliiachilia ichapishwe gazetini pasipo idhini, na katika toleo la pili la mwaka 1856 akapiga sentensi moja ya barua hiyo kwenye mgongo wa kitabu kwa herufi za dhahabu, pamoja na jina la Emerson. Wanasema: tazameni, alijisifu kwa siri, na leo ni bingwa wa ushairi wa taifa lake.

Mfano huu, ukisomwa hadi mwisho, unawageukia waliouleta. Mapitio yale ya siri yaligunduliwa, na leo husomwa kama kioja katika wasifu wake. Hakuna anayeyategemea kufahamu mashairi. Jambo lililomfaa Whitman lilitukia baadaye. Mapema mwaka 1860 Emerson alitembea naye katika bustani ya Boston Common kwa muda wa saa mbili, akimpinga. Alimtaka ayaondoe au ayapunguze mashairi ya mapenzi ya mwili yaliyokuwa yakiandaliwa kwa toleo la tatu. Whitman mwenyewe alikuja kuandika kwamba hakuwa na jibu kwa hoja za Emerson, na bado alitoka pale akiwa na yakini zaidi kuliko awali kwamba njia yake ndiyo atakayoifuata. Sentensi ya dhahabu ilimpa tangazo. Upinzani wa saa mbili ulimpa msimamo. Mtunzi anayejizungushia sifa zake mwenyewe hujinyima matembezi ya namna hiyo, na hujinyima kwa hiari.

Wala si lazima kwenda Boston kutafuta mfano wa mtunzi anayejinadi kwa heshima. Mwaka 1954 Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Baadaye Kahigi na Mulokozi wakatoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Mwaka 1984 Mayoka naye akatoa Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka. Anwani hizi tatu zatosha kuwa somo. Kila kimoja kati ya vitabu hivi kimeweka hoja mbele na bidhaa nyuma yake, vyote baina ya jalada moja, chini ya jina la mwenyewe. Hakuna aliyejificha. Wanamapokeo walisema shairi ni vina na mizani, wakatoa mashairi yao yapimwe kwa kanuni hiyo. Wanamabadiliko walikana, nao wakatoa yao. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, diwani ile iliingia moja kwa moja katika mabishano hayo, na mabishano ndiyo yaliyoitembeza. Ikiwa huko kulikuwa ni kunadi, basi kulikuwa ni kunadi kwa hoja, na asiyenunua kitabu alipata hoja bure.

Nyuma zaidi, watunzi wengi wa tenzi walikuwa na desturi ya kujitaja katika beti za tamati, kisha wakawaomba wajuzi wawasamehe na wawasahihishe palipo na kosa. Yawezekana ombi hilo lilikuwa kaida tu ya utanzu. Hata hivyo, kaida husema jamii inathamini nini. Jamii ile ilitaraji mtunzi, anapotaja jina lake, alitaje kama mtu anayeweza kusahihishwa. Mnadi wa leo hulitaja jina lake ili asisahihishwe.

Kuna wanaopinga kwamba fasihi ya Kiswahili ingali na wasomaji wachache, na kwamba ukali wa wahakiki utaidumaza. Afadhali sifa tele kuliko kimya. Pingamizi hili lina huruma, lakini halina mantiki. Msomaji aliyeshauriwa mara tano anunue kitabu, akanunua, akakuta kitabu kibovu, hatamwamini mshauri mara ya sita, hata siku ile kitabu kitakapokuwa kizuri kweli. Sifa zisizo na kipimo hazimlindi mtunzi hodari. Humzika katika kaburi moja na mtunzi hafifu, kwa maneno yale yale ya maziko. Kimya ni kibaya. Lakini kimya hakimdanganyi mtu.

Tiba si ngumu, ila yataka ujasiri mdogo wa kila siku. Mwenyekiti wa kikao na atangaze mwanzoni kwamba kila msemaji ataanza kwa kutaja hoja ya mtoa mada anayoijibu. Asiyeitaja apishe mwingine, awe mwanafunzi au profesa. Waandalizi na waweke meza ya vitabu iliyo wazi, yenye saa yake katika ratiba, ili mtunzi aite wanunuzi kwa sauti yake yote bila ya kuona haya. Mhariri wa jarida na amtake mwandishi wa mapitio aeleze uhusiano wake na mtunzi: kama ni msimamizi wake, mwanafunzi wake, mshirika wake katika uandishi au mhariri wa kitabu chenyewe. Na ayarudishe mapitio yoyote yasiyochambua walau kifungu kimoja cha matini kwa makini. Mhadhiri anayefundisha kitabu chake na akiweke kando ya uhakiki wa mwenziwe asiyekipenda, kisha mwanafunzi aachwe achague upande bila ya kuadhibiwa.

Hatua hizi hazimfukuzi mnadi. Zinampa uwanja wake, na zinalirudishia baraza la wahakiki kazi yake. Mkoba mlangoni na ubaki mlangoni, tena uheshimiwe, kwani ndani yake huenda mna kitabu kizuri kisichoweza kujiuza. Lakini kitakapoingia ukumbini, kiingie kikiwa kimefunguliwa, ukurasa fulani, mstari fulani, na mtu fulani akiwa tayari kusema: hapa mtunzi amekosea. Mtunzi asiyeweza kulistahimili neno hilo hana haja ya wahakiki, wanunuzi watamtosha. Na mhakiki asiyeweza kulitamka na akae mezani nje, awasaidie wauzaji kuhesabu chenji.