Mwalimu wa Ustawi wa Jamii Yuko Kibanjani

Kila msimu wa mahafali husikika kauli ileile, kwamba wahitimu wa ustawi wa jamii, yaani taaluma ya kuwasaidia watu na familia kukabiliana na misukosuko ya maisha, sasa waende vijijini "wakaielimishe jamii". Kauli hiyo hupigiwa makofi, ilhali imebeba imani potofu kwamba ujuzi wa kulea yatima na kumfariji mjane ulizaliwa darasani, na kwamba mwanakijiji wa Bukoba au Muleba alikuwa akiusubiri huku amekunja mikono.

Historia ya mkoa wa Kagera, ziliko Bukoba na Muleba, inaiumbua imani hiyo. Chuo cha Ustawi wa Jamii cha Dar es Salaam kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na miaka 10 baadaye, mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, ambako wananchi waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo za magendo kutoka Uganda. Vifo vilipoandamana, aliyebaki na watoto hakuwa ofisa mwenye shahada bali bibi mwenye jembe, kwenye kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba ya Mhaya, mwenyeji wa Kagera, na waliochimba kaburi walikuwa majirani wa chama cha kuzikana. Bibi huyo ndiye aliyetathmini mahitaji, ndiye aliyetoa unasihi, ndiye aliyelinda mirathi ndugu wa marehemu walipoanza kukitolea macho kibanja. Kazi zote hizo leo zina majina marefu katika mitaala, ila jina lake yeye halimo.

Huko Nshamba, wilayani Muleba, mradi wa Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kufariji, ulishuhudia yatima wenyewe wakiunda umoja wao, Vijana Simama Imara, na mwaka 2003 ukaanza mpango wa Kwa Wazee, unaowapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, wengi wao wakiwa mabibi wanaolea wajukuu. Wapo watakaodakia kwamba msaada ulitoka Uswisi; naam, na fedha hizo zilimfuata bibi kwa sababu kazi alikuwa ameshaianza.

Kuutambua ujuzi wa bibi huyo ni kuondoa ukoloni katika elimu, kwa maana ya kuacha kupima kila ujuzi kwa kipimo cha Ulaya, na si uasi wa kitaaluma, kwa kuwa hata fasili ya kimataifa ya taaluma ya ustawi wa jamii, iliyopitishwa Melbourne mwaka 2014, inataja maarifa asilia miongoni mwa nguzo zake. Hata hivyo, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo mkoani Kagera bado huzungumza na mjane kwa Kihaya, akafikiri kwa Kiswahili, akaandika ripoti kwa Kiingereza, na humo mjane akageuka "mteja", neno ambalo Mtanzania amelizoea kwenye simu isiyopatikana. Hapo hazijatajwa semina za hotelini, ambako watu hulipwa posho ili waambiwe kwamba jamii ina uwezo mdogo.

Wapinzani wa wazo la kumwita bibi afundishe hudai kwamba hawezi kufundisha chuo kikuu kwa sababu hajui kuandaa slaidi. Kama machozi ya yatima yangefutwa kwa slaidi, Kagera isingemhitaji bibi hata siku moja. Wengine hudai kwamba mila humkandamiza mwanamke, na ni kweli kwamba kanuni za Kihaya zilimkataza binti kuuza ardhi ya ukoo. Lakini aliyeitikisa kanuni hiyo ni Holaria Pastory, mwanamke wa Muleba, aliyeuza shamba aliloachiwa na baba yake, akashtakiwa na mpwa wake, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akampa haki yake. Hakuna mhadhiri aliyemtuma. Kijiji kilikuwa na mkosoaji wake tayari.

Vyuo vikuu vinavyofundisha ustawi wa jamii havina budi kumwita bibi huyo darasani kama mkufunzi, afundishe kwa lugha yake, atahini na kusahihisha, na alipwe kwa kiwango cha mhadhiri. Iwapo fungu litakuwa limekwisha, lipunguzwe kwanza lile la posho za semina.