Bundi na Mwewe Katika Makonde Yetu

Mwezi huu twapenda kuzungumza na wasomaji wetu, hasa wale wa Tanga, Muheza, Pangani na Korogwe wenye makonde ya mahindi na muhogo, juu ya ndege ambao wengi wetu hatuwataki karibu na nyumba zetu: bundi, babewana, kipanga, kozi na mwewe. Bundi akilia juu ya paa husemwa kwamba mtu atakufa, au kwamba ndege yule ametumwa na mchawi. Basi vijana hutoka na mawe na manati, na asubuhi ndege huonekana amelala chini ya mwembe, amekufa. Mwewe naye hupigwa kwa ajili ya vifaranga, na kwa hasira hiyo hupigwa kila ndege mwenye mdomo uliopinda. Twaona jambo hili lina hasara mbili, moja ya imani na moja ya chakula. Na hiyo ya pili haionekani upesi, kwa kuwa mwenye kuileta ni panya, naye hufanya kazi yake usiku.

Tuanze na imani. Waarabu wa zama za ujahiliya walikuwa na itikadi kwamba mtu akiuawa na damu yake isilipizwe kisasi, roho yake hutoka kichwani kwa sura ya ndege wa usiku, ikakaa juu ya kaburi ikilia na kuomba kinywaji mpaka muuaji auawe. Ndege huyo walimwita hama. Mtume wetu (S.A.W.) aliikanusha itikadi hiyo waziwazi, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwa Abu Huraira (R.A.), na pamoja nayo akakanusha tiyara, yaani kutazamia kheri au shari kwa ndege. Ni ajabu basi kwamba baada ya karne kumi na nne mtu husali Isha kwa jamaa, akarudi nyumbani, akamsikia bundi, akafunga dirisha kwa hofu. Bundi hulia kwa kumwita mwenzake, au kwa kuwaonya bundi wengine wasiingie katika eneo lake la kuwindia. Yule bundi mweupe mwenye uso wa mviringo kama sahani hapigi hata huo mlio wa kuita, bali hutoa ukelele wa kukwaruza, na makinda yake hukoroma mfano wa mtu aliyelala. Akifanya kiota darini, hapana shaka wenye nyumba watasikia kukoroma juu ya vichwa vyao, na hapo ndipo hadithi za majini huanza.

Sasa tuje kwenye chakula. Adui mkubwa wa mahindi yetu katika konde ni panya shamba. Jike lake huweza kuwa na chuchu hata 24, huchukua mimba kwa siku 23 hivi, na huzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamemchunguza panya huyu kwa miaka mingi, na imeonekana kwamba mvua za vuli zikizidi kawaida panya huzaa mapema, na huenda yakafuata mafuriko ya panya yaitwayo baa. Hasara kubwa hupatikana katika siku za mwanzo baada ya kupanda, panya wanapofukua mbegu na kukata miche, hata mkulima akalazimika kupanda mara ya pili na ya tatu. Makadirio ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalisema kwamba panya huipotezea Tanzania kiasi cha asilimia 15 ya mahindi kila mwaka, nayo ni zaidi ya tani 400,000. Wala si chakula peke yake. Ndugu zetu wa Lushoto hawajasahau tauni iliyozuka huko mwaka 1980 na kurudi mara kwa mara hadi miaka ya 2000. Maelfu ya watu waliugua na mamia walikufa. Maradhi hayo huletwa na viroboto vya panya.

Mwenyezi Mungu ameweka viumbe vya kumpunguza panya, na bundi ni mmoja wa hodari wao. Manyoya yake yameumbwa laini pembeni, hata akiruka hasikiki. Masikio ya yule bundi mweupe hayakai sawasawa, moja liko juu kuliko jingine, na kwa tofauti hiyo hujua mahali alipo panya katika giza totoro bila ya kumwona. Humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa kama kidonge cheusi. Mwenye shaka na aende chini ya mti anaolala bundi, akipasue kidonge kimoja kwa kijiti. Atayakuta mafuvu ya panya na meno yao ya manjano. Mchana kazi hiyo hushikwa na wengine. Yuko kipanga mdogo mweupe mwenye mabega meusi na macho mekundu, ambaye husimama hewani akipiga mbawa juu ya majani. Chakula chake hasa ni panya. Yuko na tai mweusi mwenye shungi refu, anayeonekana kandokando ya mashamba akitua juu ya nguzo. Naye huishi kwa panya karibu siku zote. Huko Morogoro makonde mengine ya mahindi yaliwekewa nyavu ili walao panya wasiingie, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba mahali pale panya waliongezeka upesi zaidi, na wingi wao ukafika juu zaidi. Hatusemi kwamba bundi wawili watalimaliza baa. Uzazi wa panya ni mkubwa mno. Twasema kwamba anayewaua bundi amejiondolea walinzi wasiolipwa mshahara.

Lakini ndege hawa hawakai mahali pasipowafaa, na hapa ndipo kosa letu kubwa lilipo, kubwa kuliko mawe na manati. Bundi hajengi nyumba. Hutaka tundu katika mti mkongwe, mbuyu au msufi au mkuyu, au hukaa katika gofu, au hulichukua lile jumba kubwa la vijiti ambalo fundichuma amelihama. Tai na kipanga hutaka mti mrefu wa kujenga juu yake na mahali pa kutua wakatazama chini. Tunapofyeka konde jipya tukaangusha kila mti kwa ajili ya mkaa, tukachoma majani yote hata ya mpakani, tumewafukuza wote kwa siku moja. Panya hubaki, kwani yeye hukaa chini ya ardhi. Ni kheri kuacha mbuyu mmoja na mivumo miwili mitatu, na ukanda wa majani mpakani. Penye konde tupu wakati wa kupanda, mtu asimike nguzo za urefu wa mtu mara mbili, kila moja na kipande cha mti kilichokingamishwa juu, ndege wapate pa kutua mahindi yangali mafupi. (Katika misitu ya Usambara ya Mashariki na chini yake wako bundi wengine adimu sana, akiwamo yule mdogo aliyejulikana kwanza Sokoke, Kenya, katika miaka ya 1960, hao ni wa msituni, na habari zao zataka ukurasa mwingine.)

Wala jambo hili si la kwetu tu. Malaysia, katika mashamba ya michikichi, bundi wametengenezewa masanduku ya kutagia kwa miaka mingi ili wapunguze panya. Jordani nako, tangu mwaka 2002, wakulima wametundikiwa masanduku hayo. Na huko pia bundi alikuwa ndege wa mkosi.

Yupo atakayetuambia kwamba mwewe ametajwa katika Hadithi ya viumbe vitano viharibifu vinavyoruhusiwa kuuawa hata katika Haram. Ni kweli, naye panya ametajwa humo humo. Lakini Imam Nawawi, katika kitabu chake cha Al-Majmuu, ameeleza kwamba wanyama na ndege wenye manufaa na madhara pamoja, mfano wa kozi na tai, haipendekezwi kuwaua kwa ajili ya manufaa yao. Manufaa ya kozi katika zama zile yalikuwa kuwindia. Sisi twaona kuila panya wa konde nako ni manufaa, na masheikh wetu waulizwe. Hata huyo mwewe wa vifaranga hutibiwa kwa tenga kuliko kwa jiwe. Akina mama wakiwafungia vifaranga na mama yao kwa wiki sita za mwanzo, na wakapanda vichaka karibu na banda vya kujifichia, mwewe ataruka bure.

Limebaki jambo la sumu. Ziko sumu za panya zinazozuia damu isigande: panya huila leo, akatembea siku kadhaa kwa kulegea, na sumu i katika ini lake. Panya aliyelegea ndiye rahisi kukamatwa, na bundi akimla mara kwa mara hufa naye. Mwenye kulazimika kuitumia asiimwage ovyo kondeni, bali aiweke ndani ya vibuyu au mianzi iliyotobolewa, isifikiwe na kuku wala watoto. Kila asubuhi azunguke konde kabla ya jua kupanda, aokote panya waliokufa na wanaoyumba bila ya kuwagusa kwa mkono mtupu, awazike kina cha dhiraa moja, mbali na kisima.