Umelipia megabiti 150, mbona unapata 94?

Kwa miezi mitano tulilipia megabiti 150 kwa sekunde kwenye keja yetu Kasarani, wasee watatu tukichanga, na kompyuta yangu iliyochomekwa kebo haikuwahi kuvuka 94. Iwe asubuhi, iwe saa nane usiku, ni 94 tu. Msongamano hupanda na kushuka. Nambari ikikwama mahali pamoja hivyo, kuna kitu kimeibana, lakini mimi nilichelewa kung'amua. Nilidhani dawa ni kuongeza kifurushi. Hata hiyo 150 tuliipanda kutoka 60, kwa shilingi 2,000 zaidi kila mwezi.

Siku hizi kila mtu anauziwa kasi. Starlink iliingia Kenya Julai 2023, na Septemba 2024 Safaricom ikapandisha vifurushi vyake vya faiba ya nyumbani: aliyekuwa na megabiti 40 akapata 80, wa 100 akapewa 500. Kwa mteja huo ushindani ni raha tupu. Shida ni kwamba kasi ya kifurushi hubadilishwa ofisini kwa kubofya, ilhali raota na kebo zilizo kwako ni zile zile fundi aliacha miaka iliyopita.

Kebo ya etheneti ina nyaya nane, zimesokotwa mbili mbili. Megabiti 100 hupita kwa nyaya nne tu. Gigabiti moja, yaani megabiti 1,000, hutaka zote nane. Waya mmoja ukikatika au usipobanwa sawasawa kwenye plagi, vifaa hushuka vyenyewe hadi 100 na hakuna anayekuambia. Ukitoa kidogo kinacholiwa njiani na taarifa za kuisafirisha hiyo data, unabaki na kama 94. Raota yenye matundu ya 10/100 itakupa jibu lile lile hata kebo ikiwa mpya kabisa.

Mtandao wa ploti yetu ni wa kampuni ndogo ya mtaani. Faiba inaishia chini, halafu kebo za kawaida zinapanda hadi kwa nyumba. Nilipiga simu mara nne na kuambiwa yale yale: zima, ngoja dakika mbili, washa. Aliyenitoa ujinga ni fundi wa kamera za usalama aliyeitwa na landilodi. Alifungua kisanduku cha koridoni akacheka. Kebo moja, nyumba mbili: nyaya nne zangu, nne za jirani. Wao waliokoa kebo ya mita kama 20. Mimi nililipa 10,000 za ziada kwa hiyo miezi mitano, na kati ya megabiti 90 nilizoongezewa nikapata 34.

Na si mambo ya kutazama filamu. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kuhariri video ndiko kunanilisha. Faili ya mteja ya gigabaiti 20 inashuka kwa dakika kama 28 badala ya 18. Zidisha mara faili tano kwa siku.

Kwa hivyo kabla hujaongeza kifurushi, fungua mipangilio ya mtandao kwa kompyuta yako uone kasi ya kebo yenyewe. Ikisema 1000, kebo haina makosa. Ikisema 100, jaribu kebo nyingine fupi, nzima, moja kwa moja hadi kwa raota. Ikipanda, mchawi ni kebo ya zamani. Ikikwama, ni tundu la raota au la kompyuta.

Ukienda Luthuli kununua, CAT5E ya shaba inatosha kwa gigabiti hadi mita 100, usikubali kuuziwa makubwa. Kwangua waya kidogo kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, rudisha. Raota iandikwe 10/100/1000.

Lakini kama kifurushi chako ni cha 15 au 30, tunza doo zako. Tundu la 100 halijakuzuia chochote. Yawezekana ni waifai yako inapigana na za ploti nzima kwenye masafa ya 2.4, na kebo ya kawaida hadi kwa runinga itakusaidia kuliko zile bosta za kuchomeka ukutani.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma ya ubora unaofaa, na ya habari anazohitaji ili aifaidi kikamilifu. Kwangu mimi, hiyo inamaanisha kampuni isikuuzie 150 kabla ya kukagua kama kebo yake mwenyewe inaweza kubeba zaidi ya 100. Ni kazi ya dakika tano.

Baada ya kelele nyingi, walinivutia kebo yangu pekee. Sasa napata 147. Pesa nimeomba zirudishwe, jibu bado. Jirani amebaki na zile nyaya zake nne na kifurushi cha 30, na anasema kwake mtandao uko sawa tu.